Shimo ni Kubwa: kisa cha mtoto wa miaka 8 aliyekuwa akikojoa kitandani

Alikuja na mama yake wiki ya kwanza ya likizo ya Mei 2024, siku ambayo benchi la kliniki yetu hapa Bombo, Uganda, lilikuwa limejaa watoto wenye homa. Mama ni askari polisi, kazi yake iko Kampala, na alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja tu. Kabla hajaketi alinikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilitoka shule ya bweni anakosoma mtoto. Ilisema kwamba kama tabia ya kukojoa kitandani haitakuwa imekwisha kufikia muhula wa pili, mtoto asirudishwe bwenini. Mtoto mwenyewe, mvulana wa miaka 8, darasa la tatu, alisimama karibu na mlango akiangalia viatu vyake. Nilimsalimia, akaitikia kwa kichwa.

Familia imeniruhusu kukiandika kisa hiki, na nimebadilisha mambo machache wasije wakatambulika. Nakiandika kwa sababu kila mtu aliyejaribu kumsaidia mtoto huyu, na mimi nikiwemo siku ile ya kwanza, aliutazama usiku. Shida yake ilikuwa inaanza mchana.

Maelezo ya mama

Mama anaishi kambini, katika vile vibanda vya bati vya mviringo tunavyoviita mama ingia pole, kwa kuwa usipoinama mlangoni unaumia. Baba ni mwanajeshi, wakati huo akiwa Somalia na kikosi cha Umoja wa Afrika. Kwa hiyo mtoto amelelewa na bibi yake mzaa baba hapa Bombo tangu akiwa na miaka 3. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, zikaja kufunguliwa Januari 2022, miaka ile yote alikuwa mikononi mwa bibi. Akaanza darasa la kwanza hapa hapa, na mwaka 2023 akapelekwa bwenini.

Kwa maneno ya mama, mtoto alikauka akiwa na miaka 4 na hakuwa na tatizo lolote mpaka alipoingia bweni. Sasa ni kila usiku, na usiku mwingine mara mbili. Alinihesabia waliyoyajaribu. Kunyimwa maji kuanzia saa kumi jioni. Kuamshwa saa tano usiku, saa nane, na wakati mwingine tena kabla ya alfajiri. Kukatazwa kuchezea moto, kwa ile imani ya wazee kwamba anayechezea moto mchana hukojoa usiku. Dawa za malaria mara tatu. Kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa aya za Kurani. Vidonge vya duka la dawa ambavyo jina lake hakulijua. Fimbo, na hapo sauti yake ikashuka. Baba ndiye aliyemchapa, likizo ya Desemba alipokuja nyumbani, na alimchapa kwa uchungu wa mtu anayeona mwanawe anaaibika.

Juu ya yote hayo, mtoto alikuwa ameanza kuweweseka. Saa moja na nusu hivi baada ya kulala anakurupuka, anapiga kelele, macho yamefunguka lakini hamtambui mtu, jasho linamtoka, kisha anarudi kulala. Asubuhi hakumbuki kitu. Jirani alikuwa amekwisha kusema ni jini.

Ya bwenini niliyapata baadaye, kidogo kidogo, kwa mtoto mwenyewe. Wanalala kwenye vitanda vya ghorofa tatu. Wanaokojoa hupangwa vya chini, safu moja, karibu na mlango, na safu hiyo ina jina. Asubuhi hubeba magodoro yao kupita uwanja wa paredi mbele ya wenzao kwenda kuyaanika. Kengele ya kuamka hulia saa kumi na nusu alfajiri. Na fimbo ipo, ijapokuwa sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imeharamisha viboko shuleni. Jina la shule hiyo silitaji, kwa sababu ningeweza kusimulia mambo haya haya kwa zaidi ya shule moja.

Siku ya kwanza, na kosa langu

Nilipima mkojo kwa kijiti. Hakukuwa na sukari, wala damu, wala dalili ya maambukizi. Kipimo hicho ni rahisi, na mtoto yeyote aliyekuwa mkavu akaanza ghafla kukojoa afanyiwe siku hiyo hiyo, hasa kama anakunywa maji sana na kukonda. Hiyo inaweza kuwa kisukari, na kisukari cha watoto hakisubiri miadi ya wiki ijayo.

Nilipima pia selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu. Uganda hatuwezi kuiacha. Uchunguzi wa nchi nzima uliofanyika kati ya 2014 na 2015 ulikuta zaidi ya watoto 13 katika kila 100 wamebeba kinasaba chake, na mtoto mwenye ugonjwa wenyewe hukojoa mkojo mwingi mwepesi, kwa kuwa figo zake hushindwa kuukaza. Wako wanaochapwa kwa kukojoa kitandani kumbe wanaumwa. Huyu alikuwa salama. Niliuliza kama anakoroma au anapumua kwa mdomo usiku, kwa sababu tezi za nyuma ya pua zikivimba huvuruga usingizi na huweza kuleta tatizo hili. Mama akasema hapana.

Basi nikaandika: mtoto aliyekauka miaka mitatu, akaanza tena alipotenganishwa na nyumbani. Nikaamini ni huzuni ya bweni. Nikamwomba mama wasimpige tena, wapunguze vinywaji vya jioni, warudi baada ya wiki 2. Foleni ilikuwa ndefu. Sikumlaza mtoto nikampapasa tumbo, na sikumuuliza chochote yeye mwenyewe. Nilimhudumia mtoto kwa kumsikiliza mama.

Aliyoyajua Bibi

Mara ya pili alikuja na bibi yake. Mama alikuwa amerudi kazini. Bibi aliketi, akafungua kanga, akatoa bahasha ya vidonge akaiweka mezani. Kisha akamtuma mtoto nje akanunue mandazi, akangoja mlango ufungwe.

“Musawo,” ndivyo tunavyoitwa hapa sisi tunaotibu, “mwanangu, huyu hajawahi kukauka.”

Nikamwuliza kivipi, mama alisema miaka mitatu.

“Mama yake hakuwepo. Mara mbili kwa wiki, mara tatu. Nilikuwa naamka kabla ya adhana, nafua, naanika nyuma ya nyumba. Mama yake akija Jumapili anakuta shuka nyeupe.” Akanyamaza kidogo. “Hata baba yake nilimfulia hivyo hivyo. Mpaka miaka 11. Hajui kwamba najua anakumbuka.”

Maneno hayo yaligeuza karatasi yangu juu chini. Katika tatizo hili tunatenganisha watoto wa namna mbili: ambaye hajawahi kukauka kwa miezi 6 mfululizo, na ambaye alikauka miezi 6 au zaidi akaanza upya. Wa pili unamtafutia kitu kilichotokea: ugonjwa, msiba, kuhama, kuonewa, au hata kuingiliwa kimwili, na hilo nalo lazima liulizwe kwa upole mtoto akiwa peke yake. Wa kwanza kwa kawaida amezaliwa na mwili unaochelewa. Usingizi wake ni wa pono, kibofu kinapomwita hasikii. Au ile homoni inayopunguza utengenezaji wa mkojo usiku bado haijatosha, au kibofu chenyewe kinabeba kidogo. Nilikuwa nimemweka mtoto kwenye kundi lisilo lake, kwa sababu niliyemhoji ni mtu ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akifichwa.

Na jambo hili hurithiwa. Wazazi wote wawili wakiwa walikojoa utotoni, watoto wao wanaokojoa hufika kama 77 kwa 100. Mmoja akiwa alikojoa, kama 44. Kusiwe na hata mmoja, ni 15 hivi. Katika watoto 100 wenye miaka 5, kama 15 bado hulowesha kitanda. Kila mwaka unaopita, kama 15 katika kila 100 ya hao huacha wenyewe bila dawa, na ikifika miaka 15 wanabaki 1 au 2 tu. Ukimwita mtoto wa miaka 8 mvivu kwa jambo hili, unamlaumu kwa kalenda ya mwili wake. Nilimwambia Bibi hivyo. Akasema, “Hayo ninayajua bila namba.”

Lakini bado kulikuwa na swali. Mara mbili kwa wiki nyumbani, kila usiku bwenini. Nini kilichoongezeka?

Bibi akataja jambo lingine kama mtu anayeomba radhi. Tangu aende shule hiyo, chupi za mtoto zinachafuka. Si sana, michirizi. Wamemfundisha kujisafisha, wamemkemea, haisaidii. Na siku akienda choo kikubwa, anatoa kitu kama cha mtu mzima.

Nilimwita mtoto, nikamlaza. Upande wa kushoto wa tumbo, chini, vidole vyangu vilikuta mzigo mgumu kama muhogo. Alikuwa amejaa choo cha siku nyingi, na ile michirizi ilikuwa maji ya choo yanayopenya pembeni ya kile kilichoganda. Mama alikuwa ameniambia anakwenda choo vizuri. Hakunidanganya. Nani anamfuata mtoto wa miaka 8 mpaka chooni?

Nikamwomba Bibi anisubiri nje. Nikachuchumaa ili macho yetu yawe sawa, nikamwuliza choo cha shule kikoje.

Alifikiri. Kisha akasema, “Shimo ni kubwa.”

Mchana wa mtoto

Yaliyofuata aliyatoa kwa robo saa nzima, nami sikumkatiza. Vyoo ni vya shimo, mstari mmoja kwa wavulana wote, wakubwa na wadogo. Milango miwili haipo. Ndani ni giza na tundu ni pana, na yeye ni mdogo wa umbo. Anaogopa miguu itateleza atumbukie. Wakubwa wanachungulia na kucheka. Wakati wa mapumziko foleni haimfikii kengele ikalia. Darasani ukiomba ruhusa mara ya pili unaambiwa ukae. Basi akagundua njia yake: hanywi maji tangu asubuhi. Asipokunywa, haendi. Na choo kikubwa anabana mpaka siku ya Jumapili, vyoo vinapokuwa vitupu.

Jioni, akiwa na kiu ya siku nzima, anakunywa kikombe kikubwa cha uji wakati wa chakula, na baada ya prepu anaweka mdomo kwenye bomba. Kisha analala saa tatu na nusu na kibofu kinachopokea maji ya siku nzima katika saa moja.

Utumbo wa mwisho na kibofu vinakaa ndani ya nyonga moja, vimegusana. Baadaye, kwa simu, nilimweleza mama hivi: kibofu cha mwanao kinaishi mama ingia pole, na katikati ya chumba kuna gunia la mahindi lisilotolewa. Kitajinyoosha wapi? Alicheka, na nadhani ndipo alipoelewa. Choo kilichoganda hukikandamiza kibofu kisijae, na hukichokoza kijikaze ovyo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 uliwafuata watoto wenye choo kigumu. Kati ya waliokuwa wakikojoa usiku, 63 kwa 100 waliacha matumbo yao yalipotibiwa ipasavyo. Bila kengele, bila vidonge vya mkojo.

Nilitaka kuona kwa macho. Nilimpa Bibi chupa ya soda ya mililita 300 tuliyoichora mistari, mtoto akojolee humo mchana, siku mbili, waandike. Kwa mtoto wa miaka 8 tunategemea kibofu kubeba kama mililita 270. Hesabu yake ni umri kuongeza moja, mara 30. Chake hakikuvuka 140.

Kule kunyimwa maji kuanzia saa kumi, basi, kulikuwa kumemwongezea matatizo. Mtoto ambaye hakunywa mchana ukimfungia jioni pia, choo kinazidi kukauka na kibofu kinazoea udogo. Na mimi nilikuwa nimeliunga mkono jambo hilo siku ya kwanza.

Kuhusu kuweweseka

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana familia nyingi huwa na hofu ya hili kuliko ya mkojo.

Ndoto mbaya huja mara nyingi karibu na asubuhi. Mtoto anaamka kweli, anakukumbatia, anakusimulia. Alichokuwa nacho huyu ni kingine. Kinakuja sehemu ya kwanza ya usiku, kutoka kwenye usingizi mzito kabisa, mwili umeamka nusu na akili imelala. Macho yako wazi, hakuoni. Ukimtikisa, anazidi. Asubuhi hana habari. Watoto wengi hupitia na hukua wakakiacha. Kinachokichochea zaidi ni homa, kibofu kilichojaa, kuvurugiwa usingizi, na kukosa usingizi wa kutosha.

Nilitaka kuwa na hakika si kifafa, kwani kifafa cha usiku nacho huweza kumfanya mtu ajikojolee. Nilimwomba shangazi yake mwenye simu nzuri amrekodi. Katika video mbili sikuona kukakamaa wala mitetemeko ya mkono mmoja inayojirudia vile vile. Ulimi haukuwa na jeraha, na ilikuwa mara moja tu kwa usiku. Ingekuwa vinginevyo ningempeleka Kampala siku ileile.

Halafu nikahesabu usingizi wake. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 mpaka 12. Bwenini alikuwa analala saa tatu na nusu na kuamka saa kumi na nusu: saa 7, ndani yake matroni akimwamsha mara mbili. Likizoni, Bibi alikuwa amepewa saa za kumwamsha na mama, mara tatu. Kwa hiyo mtoto huyu hakuwa amelala usiku mzima kwa zaidi ya mwaka. Mtoto aliyenyimwa usingizi, anapoupata, anazama zaidi. Na anayezama zaidi hasikii kibofu. Kule kumwamsha, ambako kulifanywa kwa upendo na kwa uchovu mkubwa wa Bibi, kulikuwa kunatengeneza kuweweseka na kuendeleza kukojoa kitandani. Na hata shuka ikikauka kwa kuamshwa, mtoto aliyebebwa amelala mpaka kwenye ndoo hajifunzi chochote. Umebadilisha tu mahali alipokojolea.

Bahasha ya vidonge

Vilikuwa amitriptilini, dawa ya sonona. Dawa za jamii hiyo, na ndugu yake imipramini hasa, huweza kupunguza kukojoa usiku, na zilitumika kwa kazi hiyo miaka mingi. Ukiziacha, tatizo hurudi kwa wengi. Kibaya zaidi, zinafunga choo. Na kwa mtoto mdogo akivimeza vichache tu kwa kudhani ni peremende, moyo unaweza kusimama. Bahasha haikuwa na jina la dawa wala kipimo, na ilikuwa inakaa juu ya redio, katika nyumba yenye mjukuu mwingine wa miaka 2. Nilimwomba Bibi aniachie. Aliniachia.

Kombe sikulisema vibaya. Ni dua ya familia, na mtoto alikuwa analipenda kwa kuwa Bibi anamshika kichwa anapomsomea. Nilichoomba ni kwamba anyweshwe asubuhi, kwa kuwa walikuwa wanampa kikombe kizima anapokwenda kulala.

Tulichofanya

Kwanza tumbo. Laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, kwa dozi ya juu mpaka mzigo utoke, kisha dozi ya kila siku kwa miezi. Nasisitiza miezi. Familia nyingi huacha siku ya tatu choo kikitoka, na utumbo uliotanuka kwa mwaka mzima haurudi umbo lake kwa siku tatu. Ilikuwa msimu wa maembe, mapapai yapo uani, maharage hayakosekani. Kila baada ya kifungua kinywa na baada ya chakula cha jioni anakwenda kuchuchumaa kwa dakika chache, ajisikie asijisikie, kwa sababu tumbo likishapokea chakula utumbo nao hujisogeza. Shimo la nyumbani Bibi alilipunguza kwa mbao mbili, akaacha tundu dogo. Hilo hakuelekezwa na mtu.

Pili maji. Lita 1 hadi 1.4 kwa siku, sehemu kubwa asubuhi na mchana, jioni kidogo, na saa ya mwisho kabla ya kulala hapana. Kwenda kukojoa kila baada ya saa mbili au tatu, asingoje kubanwa.

Tatu, kulala saa mbili usiku na kutoamshwa na mtu. Ndoo yenye kifuniko ndani ya chumba na taa ndogo ya sola, kwa sababu choo kiko mwisho wa uwanja, na hata mimi nisingekwenda huko usiku wa manane. Nailoni chini ya shuka. Akilowesha, anasaidia kutoa shuka na kuitia kwenye beseni, bila neno lolote; ni kazi ya nyumbani kama kuosha vikombe.

Kwenye kalenda ya ukutani anachora alama mwenyewe. Nilikataa zawadi kwa usiku mkavu. Usiku amelala, hauamui yeye. Zawadi ilikuwa kwa kumaliza chupa yake ya maji na kwenda choo kwa wakati, mambo ambayo yako mikononi mwake.

Mama aliniuliza kuhusu kengele na kuhusu desmopresini, aliyokuwa ameisoma kwenye simu. Nilimjibu kwa ukweli. Kengele ya kitandani, inayolia tone la kwanza linapogusa, ni tiba nzuri kwa wasiokauka, na inahitaji miezi 2 au 3 ya mzazi kuamka nayo. (Mwanzo wake unanivutia: mwaka 1904 daktari wa watoto kutoka Austria, Pfaundler, alibuni kengele ili wauguzi wajue nani wa kubadilishiwa nguo, akashangaa kuona baadhi ya watoto wanaanza kukauka.) Lakini bwenini italia kwa watoto arobaini. Desmopresini hupunguza mkojo wa usiku, huuzwa kwa bei iliyoupita mfuko wa familia hii, na mtoto akiinywa kisha akanywa maji mengi, chumvi ya damu hushuka mpaka akapata degedege. Kumpa mtoto anayekimbilia bomba usiku ilikuwa hatari. Na vyote viwili haviendi mbali kama tumbo bado limejaa.

Shule, na simu ya baba

Ugomvi mkubwa haukuwa wa dawa. Nilisema muhula wa pili asome shule ya kutwa hapa Bombo, alale kwa Bibi. Mama alikataa. Alikuwa amelipa, na kwake bweni ni usalama: askari akipangiwa kazi usiku, mwanawe yuko mahali penye ukuta. Pia aliamini kumtoa ni kukubali kwamba shule ilikuwa na haki. Sikumlaumu. Nilimwomba kitu kimoja, aende akakione choo kile mwenyewe, siku ya kazi, saa ya mapumziko. Alikwenda kuchukua vitu vya mtoto vilivyobaki, akachungulia. Jioni alinipigia. “Musawo, mimi mwenyewe nisingeingia.” Mtoto akabaki Bombo.

Baba ndiye niliyemwogopa. Bibi alinikataza kabisa kumwambia mwanawe kwamba nimeambiwa. Wiki ya tatu alimpigia mwenyewe, usiku, wakati mtandao wa Mogadishu unapokubali. Sijui alimwambiaje. Ninachojua ni kwamba kesho yake baba aliomba kuzungumza na mtoto peke yake, na mtoto alichukua simu akaenda nayo nyuma ya nyumba, pale zilipokuwa zinaanikwa shuka. Alirudi akamwuliza Bibi, “Ni kweli godoro la Baba ulilikata ukalishona upya?” Bibi akasema ni kweli. Tangu siku hiyo alianza kutoa shuka yake nje mwenyewe, mbele, kwenye kamba inayoonekana barabarani.

Kuweweseka kulipotea kabla ya mwisho wa Mei, kwa sababu tu alilala. Chupi zilikuwa safi kufikia katikati ya Juni. Mkojo ulikwenda polepole zaidi: kutoka kila usiku hadi usiku 4 kwa wiki, kisha Agosti usiku 2. Septemba alipatwa na malaria ya kweli, akalowesha siku 6 mfululizo, na Bibi akanijia akilia kwamba tumerudi nyuma. Hatukuwa tumerudi. Homa ilipoisha, shuka nazo zikakauka.

Desemba walikuja wote, baba akiwa likizoni. Chupa ya mistari sasa inafika 250. Novemba nzima kalenda ilikuwa na alama 3 za mkojo. Laktulosi tumeipunguza hadi nusu, hatujaiacha. Tumekubaliana kwamba kama kufikia Aprili alama bado zipo, tutaagiza kengele, na baba amesema ataamka nayo yeye kama atakuwepo. Bibi aliuliza kama sasa anaweza kuitoa nailoni. Nilimwambia aiache kwanza.